Alama ya Kumi na Moja

Osmunda Haule aliligundua jambo lile kwa kidole, si kwa macho. Ilikuwa saa nne asubuhi, ukungu wa milima ya Ludewa bado umelalia paa la kiwanda, naye alikuwa akitembea kando ya mkanda wa chuma uliokwisha kupoa, chaki mkononi, akiupapasa kama alivyofanya kila siku tangu alipohama shimoni na kupewa ukaguzi. Ilikuwa kazi ya kumpumbaza mtu. Unapapasa, ukikuta ufa unachora duara, unaendelea. Siku ile hakukuta ufa hata mmoja. Alikuta mistari.

Mistari yenyewe haikuwa kitu cha ajabu. Chuma kinapoteremka kutoka kwenye beseni juu huko, uso wake hupanda na kushuka kidogo, na kila kupanda na kushuka huacha mstari mwembamba kwa upana wote wa mkanda. Kwa kawaida Osmunda hakuikuta, kwa sababu brashi kubwa ya waya huusugua mkanda kabla haujamfikia. Lakini brashi ilikuwa imevunjika asubuhi ile, na mafundi walikuwa bado wanabishana ni nani aliyeifunga vibaya. Basi kidole chake kikapita juu ya ngozi mbichi ya chuma, mstari, mstari, mstari, kisha kikaanguka ndani ya mfereji wenye kina cha ukucha.

Alirudi nyuma akahesabu. Mistari kumi myembamba, na mmoja mzito. Kumi tena, na mmoja tena. Alitembea hatua thelathini akihesabu, na hesabu haikukosea hata mara moja. 

Mashine aliyoambiwa kwamba ndiyo inayotengeneza mkanda ule iliitwa Mfinyanzi. Ilisifiwa sana siku ya kuizindua, hata padri akainyunyizia maji ya baraka. Lakini mashine ni mashine, haisali rozari. Katika kiwanda kizima mtu aliyekuwa akisali rozari huku anatengeneza chuma alikuwa mmoja tu, Fundi Meinrad Mlelwa. Salamu Maria kumi nyepesi, kisha Baba Yetu moja ya kukandamiza. Osmunda, mwanafunzi wake, alikuwa akimtania kwamba chuma chake kitafika mbinguni kabla yake. Na Fundi Meinrad alikuwa amelala zahanati mwezi wa saba sasa, amepooza, hasemi wala hatambui mtu.

*

Chuma kikiyeyuka hakitaki kuwa bapa. Kinataka kuwa duara, kama tone la maji kwenye jani la mgomba, na ukikilazimisha kiwe mkanda wenye upana wa mita mbili na unene wa vidole vinne, kitabishana nawe njia nzima. Viwanda vya zamani vilikimimina ndani ya kalibu ya shaba. Hapa hapakuwa na kalibu. Palikuwa na shimo, na kulizunguka shimo palikuwa na koili mia mbili za umeme zilizosimamisha ukuta wa sumaku usioonekana. Chuma kilishuka katikati ya ukuta huo bila kugusa kitu, cheupe kwa moto, na watu wa shimoni wakakiita mto. Mto uliweza kumiminwa siku kumi mfululizo, ukatoka kipande kimoja kisicho na kiungo. Ukuta usio na kiungo ndio uliotakiwa kule Ziwa Nyasa, ambako maji yalipanda kila mwaka na kila ukuta wa saruji ulikuwa umeshaachia penye maungio.

Sumaku ina nguvu, lakini haina akili ya kukisia chuma kitageukia wapi. Mtu anayo. Ndiyo maana kabla ya Mfinyanzi mto ulishikwa na watu. Kila mshika mto alipandikizwa punje moja chini ya ngozi ya mkono, ndogo kama ya mchele, na koili zikausoma mkono wake kupitia punje ile. Alisimama kwenye kibanda cha vioo juu ya shimo, mikono imenyooshwa mitupu, akauhisi uzito wa mto jinsi mtu anavyohisi maji yakicheza ndani ya ndoo aliyojitwika.

Dakika arobaini, basi. Ukizidisha hapo, mkono husahau kwamba una mwenyewe. Kitabu cha kampuni kilisema abadilishwe mtu, hakikusema zaidi. Lililobaki washika mto walilitunga wenyewe na hawakumwambia mtu wa nje, hata wake zao. Anayepokea hunyoosha mikono kwanza, akaupata mto wote, ndipo amwite anayetoka kwa jina lake na jina la mama yake. Meinrad, mwana wa Kolumba, rudi. Na yule lazima ajibu, nimerudi. Asipojibu haondoki. Wahandisi walicheka walipowasikia. Kuna mmoja wa mwanzo mwanzo aliyetoka bila kuitwa. Mkewe alimkuta jikoni ameingiza viganja kwenye sufuria inayochemka, anayazuia maji yasimwagike.

Osmunda aliyajua hayo yote, na kuna siku hakumwita mtu.

Alikuwa ametoka kumzika mama yake, Edeltruda, huko mwambao wa ziwa. Walikuja wapishi wa kantini, walikuja walinzi wa geti, akaja hata mfagizi ambaye hawakuwahi kusalimiana zaidi ya mara mbili. Fundi Meinrad hakuja. Hakuja na hakutuma neno. Kwa watu wa huku ugomvi wa shamba husuluhishwa, ugomvi wa mume husuluhishwa, lakini mtu aliyekukimbia msibani unamfungia mlango. Siku aliyorudi kazini aliingia kibandani amenuna, akanyoosha mikono, akaupokea mto, akaangalia ukutani. Meinrad alisubiri. Osmunda alimsikia akisubiri. Kisha akatoka polepole, hatua zake nzito kama za mtu aliyebeba kitu, na nusu saa baadaye wakamkuta sakafuni kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Daktari akasema ni kiharusi, na Osmunda akamshukuru Mungu kwa neno hilo. Wiki ile ile aliomba ahamishwe.

*

Zahanati ya kiwanda ilikuwa ndani ya uzio, hatua mia tatu tu kutoka shimoni. Umbali ule hakuwahi kuutilia maanani mpaka asubuhi hii.

"Miezi saba, Osmunda," alisema muuguzi Gaudensia Mtweve, bila kuinuka kitini. "Nilidhani umehama mkoa."

"Nilikuwa na kazi."

"Sote tuna kazi. Pita."

Meinrad alikuwa amebaki mifupa. Walikuwa wamemnyoa ndevu vizuri, wamemfunika blanketi la kijivu mpaka kifuani, na juu ya blanketi mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka hewani, kiganja chini. Ulikuwa unacheza kidogo kidogo. Osmunda alihesabu. Mara kumi ulitetemeka, mara ya kumi na moja ukakandamiza.

"Anasali," alisema Gaudensia. "Dada yake alipoona hivyo alifurahi, akamletea rozari ya mti. Anaiangusha. Hataki kushika kitu kingine."

"Huwa anaacha?"

"Mto ukifungwa, mkono unalala. Wakianza kumimina, na yeye anaanza. Nikajisemea ni ile mitetemo ya kiwanda."

"Mmewahi kumwita?"

"Kila siku. Baba Otmar, Baba Otmar. Hasikii."

Ndivyo. Nani humwita mtu mzima wa miaka hamsini na minane kwa jina lake la ubatizo na la mama yake? Nyumbani alikuwa Baba Otmar, kazini Fundi. Osmunda aliukunja mkono wa shati la mgonjwa. Kovu la punje lilikuwa jekundu, na alipoligusa lilikuwa la moto. Alivyojua, punje za washika mto wote zilikuwa zimetolewa ilipozinduliwa Mfinyanzi, isipokuwa yake Osmunda mwenyewe, aliyoiahirisha wee mpaka wakamsahau.

"Hii mbona haikutolewa?"

"Tumekatazwa kuigusa. Amri imetoka juu." Gaudensia alishusha sauti. "Daktari amempa siku mbili. Moyo umechoka. Ngoja, kuna kitu chako."

Alitoa mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na koti la kazi, kofia ya sufu, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu. Likizo ya msiba, siku tano, O. Haule. Palipoandikwa atakayeshika zamu zake, mwandiko ule wa kulala aliokuwa akiucheka ulisema: Mimi mwenyewe, M. Mlelwa. Asiambiwe, atakataa kwenda.

Osmunda alikaa ukingoni mwa kitanda. Siku tano, zamu mbili mbili, mtu wa umri ule. Hakuja kuzika kwa sababu alikuwa amesimama mahali pake ili yeye akazike, na yeye akarudi na kumnunia. Alilia kwa uchungu ambao hakuupata hata kaburini kwa mama yake, na Gaudensia, aliyedhani anajua sababu, akamwachia chumba.

*

Injinia Wilbard Kayombo, mkuu wa shimo, hakukana, na hilo ndilo lililomtisha.

"Kaa, dada Osmunda. Chai?"

"Sitaki chai."

"Mimi nitakunywa." Alimimina taratibu. "Tulipotoa punje na kuwasha Mfinyanzi, mto ulishikwa vizuri kuliko siku zote. Tukashangilia. Wiki ya pili ndipo tukatambua kwamba Mfinyanzi haifanyi lolote. Inafuata mkono. Tukatafuta mkono ni wa nani."

"Mkajua."

"Tukajua."

"Mkanyamaza."

"Kule chini kwenye kitanda cha kukatia chuma kuna watu kumi na wawili kila zamu. Ningeing'oa punje ile mto ukiwa unamiminika, wangekuwa wapi saa hizi?"

"Mngeing'oa mto ukiwa umefungwa."

Wilbard alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogeka. "Na mto angeushika nani? Mlikuwa mmetawanyika. Angalia, yaliyopita si ndwele. Tumebakiza kipande kimoja cha ukuta, siku nne za kumimina. Mvua zinaanza wiki hii. Nyuma ya pengo kuna vijiji kumi na vinne, na wewe umezika huko, una ndugu huko. Nakuuliza tu. Mtu mmoja ambaye hajui hata kama anaumia, na vijiji kumi na vinne."

Lingekuwa jambo jepesi kama mtu yule angekuwa mwongo. Hakuwa mwongo. Osmunda alimwona mdogo wake Skolastika na nyumba yake ya matofali mabichi, aliona watoto wakiteka maji mlangoni mahali palipokuwa na barabara mwaka juzi, na kwa muda mfupi, wa aibu, moyo wake ulisema muache mzee amalize siku nne. Lakini zilikuwa siku nne na mzee alikuwa na mbili.

"Anajua kwamba anaumia," alisema. "Mistari inazidi kuzama. Brashi yako haikufungwa vibaya, Injinia, imevunjikia kwenye Baba Yetu zake. Anakandamiza kwa sababu anaita."

Wilbard aliweka kikombe chini. Alimwangalia mkono. "Punje yako ilitolewa lini?"

"Haikutolewa."

"Aa," alisema, kama mtu aliyeambiwa kwamba sukari bado ipo.

"Nitamwita alasiri hii. Ukimwita mtu mto unapomiminika lazima uwe umeshaupokea, kwa hiyo nitaupokea. Wewe teremsha kizibo kwenye beseni, chuma kikatike. Kuufunga mto mpaka mkia wake ugande ni saa nzima. Nitavumilia. Hicho kipande mtakimimina tena mkishajua mtakishikaje."

"Sawa," alisema Wilbard. "Nakupa neno langu."

Alikuwa katikati ya ngazi alipojiuliza kwa nini mtu aliyevipigania vijiji kumi na vinne kwa nguvu vile ameviachia kwa neno moja. Lakini maji alikuwa ameshayavulia nguo. Alirudi zahanati, akamwomba Gaudensia apige simu ya shimoni ifikapo saa tisa, aiweke sikioni kwa mgonjwa, asiikate hata akisikia nini.

"Akizinduka nimwambie nini?"

"Mwambie karatasi nimeiona. Na kwamba sina mtu wa kunipokea."

*

Kibanda kilikuwa na vumbi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tano, simu imening'inia kwenye msumari, spika yake wazi, na ndani yake alisikia pumzi za mtu. Chini mto ulisimama mweupe kati ya koili, mpana kama mlango wa kanisa, kimya kabisa. Kilichomtisha Osmunda siku zote ni kimya chake.

Alinyoosha mikono.

Uzito ulikuja kwenye vidole vidogo kwanza, ukapanda viwikoni, na chini yake aliukuta mkono wa Meinrad. Hakuna neno zuri la kueleza jambo hilo. Ulikuwa pale tu, umechoka, umeshikilia pembe zote za mkanda kwa uangalifu ule ule aliomfundisha nao, kumi nyepesi na moja nzito. Osmunda aliziingiza nguvu zake chini ya zile, pembe moja baada ya nyingine, mpaka hakikubaki kitu ambacho hakukishika.

"Meinrad," alisema, "mwana wa Kolumba. Rudi."

Pumzi tu.

"Fundi, nilikosa. Fomu nimeiona. Meinrad, mwana wa Kolumba, rudi."

Kikohozi. Kisha sauti kavu, iliyokwaruza kama mlango wa ghala: "Nimerudi." Na nyuma yake Gaudensia akitaja Yesu, Maria na Yosefu.

Mara ile uzito wote ukawa wake. Kulikuwa na furaha hapo, na Osmunda aliionja, akaangalia saa. Tisa na dakika kumi na mbili. Sasa kizibo kingeshuka, mto ungepungua, naye angeuhisi upungufu kwenye kidole kidogo. Alisubiri. Dakika tano zikapita, zikapita kumi. Mto haukupungua hata unywele.

"Injinia, kizibo."

Kupitia kioo alimwona Wilbard upande wa pili, kwenye chumba cha mitambo, amesimama na kikombe mkononi. Sauti yake ikaja kwenye spika ya juu, ya upole, karibu ya heshima.

"Unashika vizuri sana, dada. Mistari imelingana yote. Tuendelee kidogo."

"Ulinipa neno lako."

"Siku nne tu. Muuguzi atakuja, utalishwa, utatunzwa. Siku nne, kisha nitakuita mwenyewe, hapo hapo."

"Utaniita nani?"

Wilbard alifungua mdomo. Kwenye faili la Osmunda palikuwa na namba ya kazi, kundi la damu na simu ya mdogo wake. Jina la mama halikuwamo.

Basi hakuwa ameviachia vijiji. Alikuwa amebadilisha mkono. Osmunda alihisi hofu ikimpanda, halafu akahisi jambo baya zaidi ya hofu, kwamba hofu ile ilikuwa inafifia. Dakika ya ishirini na nane. Harufu ya moto ilikuwa imeondoka. Alijaribu kuvihisi vidole vya miguu, akavikuta mbali, kama vya mtu aliye chumba kingine. Angeweza kuachia, ndiyo, na watu kumi na wawili walikuwa chini pale, mmoja wao alikuwa anacheka. Hilo Meinrad naye alilijua kwa miezi saba.

Na kuna kitu Meinrad hakuwahi kukifanya maishani. Hakuwahi kuharibu kazi. Ndiyo maana walimweza. Miaka kumi na mitatu Osmunda naye hakuwahi kutoa mkanda uliopinda, na alipowaza alichokuwa anataka kukifanya, mikono yenyewe ilikataa kabla yake. Ilibidi ailazimishe.

Akauacha mto utake ulichotaka.

Haukuhitaji kuombwa mara mbili. Kingo zake zilianza kujikunja kwenda ndani, taratibu, naye akizifuata ili zisipasuke. Mita mbili ikawa moja na nusu. Ikawa moja. Bapa likawa nene katikati, kisha mviringo, mti wa chuma mweupe uliozidi kuwa mwembamba kila dakika. Chini, rola za kuvutia zilizopimwa kushika kitu cha mita mbili zikaanza kuteleza. Rola zina sheria yake: zikikosa cha kushika, kengele hulia na kizibo hushuka chenyewe, na hakuna kitufe katika ofisi yoyote cha kukizuia.

Kengele ikalia. Watu kumi na wawili wakaanza kukimbia kuelekea mlango mkubwa.

"Dada Osmunda!" Wilbard alikuwa anapiga kioo kwa kiganja, chai imemwagika shatini. "Unajua unachokifanya? Huko ziwani kuna mdogo wako!"

Alijua. Hakuna aliyejua zaidi yake, na aliendelea kuufinya mto huku machozi yakimtoka, mpaka alipokisikia kizibo kikigonga beseni.

Lakini mkia ulibaki, tani kumi na tano za chuma laini juu ya vichwa vya watu waliokuwa bado wanatoka. Ukiachiwa sasa ungemwagika wote. Dakika ya arobaini ikapita. Ya hamsini. Alisahau kwa nini kengele inalia. Alisahau yule mwanamume nyuma ya kioo ni nani na kwa nini ameacha kupiga. Kilichobaki ni uzito, na uzito ulikuwa mzuri, na haukuwa na mwisho.

"Bado," sauti kavu ilisema kwenye simu. "Naisikia kengele. Mkia haujapita. Usinijibu kitu, shika tu."

Alishika.

"Bado. Ulegeze wa kushoto. Shika."

Sauti ile haikuchoka. Ilisema bado, ikakohoa, ikasema bado, mpaka mkia ukagusa kitanda cha kukatia na kulala chini, umeganda, na mikononi mwa Osmunda hapakuwa na kitu. Mikono haikushuka.

"Sasa. Osmunda, mwana wa Edeltruda, rudi."

Aliyasikia. Yalikuwa majina mawili ya wanawake, mazuri yote mawili, na hakujua lipi lilikuwa la nani.

"Osmunda, mwana wa Edeltruda. Rudi."

Mlango wa kibanda ulifunguliwa. Wilbard alisimama pale na shati lake lililolowa, akitazama ile mikono iliyonyooka juu ya shimo tupu, na hakuthubutu kuingia. Mara ya tatu sauti iliita, mara ya nne, mara ya tano ikaanza kutetemeka. Kisha ikanyamaza. Ilipokuja tena ilikuwa ya chini, na iliyoyasema hayakuwa katika desturi yao.

"Dada, pole na msiba. Sikuja kuzika. Nisamehe."

Majina yangeweza kuwa ya mtu yeyote. Msiba ulikuwa wake. Uliingilia miguuni, pamoja na baridi ya sakafu, ukapanda magoti, ukapanda tumbo, ukamkuta pale pale alipouacha miezi saba nyuma, na mikono ikaanguka ubavuni.

"Asante, kaka," alisema. "Tumeshamzika." Akavuta pumzi. "Nimerudi."

Kengele ilikuwa imezimwa. Katika kimya kile walisikia juu ya bati tone moja, kisha matone, kisha mvua nzima, ya kwanza ya mwaka, ikitembea kwenye paa kuelekea upande wa ziwa. Wilbard aliinua macho akaisikiliza na hakumlaumu, na Osmunda aliona kwamba hatamlaumu kamwe, atamwacha na mvua. Siku walipomzika mama yake, kutoka kaburini mpaka majini zilikuwa hatua ishirini na sita. Alizihesabu mwenyewe.